Esta ya Morogoro: asilimia ya nini, na kwa shilingi ngapi?

Mkoa wa Morogoro una viwanda vya sukari vya Kilombero, Mtibwa na Mkulazi. Miwa ikishasagwa na sukari kutolewa, hubaki molasi. Molasi ikichachushwa kisha ikakenekwa hutoa ethanoli, ambayo wengi huiita spiriti. Kilombero ina mtambo wake wa spiriti ulioanza kazi mwaka 2013 ukiwa na uwezo wa takriban lita milioni 12 kwa mwaka. Ni halali kuuliza kama spiriti hiyo inaweza kugeuzwa kuwa bidhaa ya bei kubwa zaidi kabla haijatoka mkoani. Bidhaa moja inayowezekana ni ethili asetati, kiyeyushi kinachotumika kwenye gundi ya viatu, rangi za mbao, wino wa vifungashio na dawa ya kuondolea rangi ya kucha.

Ethili asetati ni esta. Esta hupatikana asidi ya kikaboni inapoungana na alkoholi na maji yakatoka. Hapa asidi ni ya asetiki, ile ile iliyomo ndani ya siki, na alkoholi ni ethanoli. Mizani yake ni hii: kilo 60 za asidi na kilo 46 za ethanoli hutoa kilo 88 za esta na kilo 18 za maji, yaani kilo 106 kila upande. Kilo hizo 60 nitaziita fungu moja la asidi, na kilo 46 fungu moja la ethanoli, kwa sababu zina idadi sawa ya molekuli. Neno mavuno litamaanisha esta iliyopatikana ikilinganishwa na ile ambayo ingepatikana kama kiambato kilicho kichache kingeisha chote.

Tatizo ni kwamba hakiishi. Maji na esta navyo huungana na kurudi kuwa asidi na ethanoli, mpaka kasi ya kwenda na kasi ya kurudi zinalingana. Hali hiyo ndiyo msawazo. Wafaransa Marcellin Berthelot na Léon Péan de Saint-Gilles waliupima na kuchapisha matokeo mwaka 1862. Walipochanganya fungu moja la asidi na fungu moja la ethanoli, takriban theluthi mbili ndizo zilizogeuka kuwa esta, kisha mabadiliko yakakoma. Kwa lugha ya hesabu, ukizidisha esta kwa maji, ukagawanya kwa zao la asidi na ethanoli zilizobaki, unapata namba iliyo karibu na 4. Namba hiyo 4 ndiyo msingi wa mahesabu mengi yaliyomo humu, na si takatifu. Kwa mafungu mawili ya ethanoli inatabiri mavuno ya asilimia 84.5, lakini Wafaransa hao walipima karibu 86. Tofauti hiyo ya asilimia moja na nusu ikumbukwe kila ninapotaja nukta ya desimali.

Mwanafunzi akiulizwa vitu vinavyoathiri mavuno, kwa kawaida huanza na kichocheo na joto. Vyote viwili vina kazi, ila si kazi hiyo. Bila kichocheo, kwenye joto la kawaida la chumba, mchanganyiko huchukua miezi mingi kufika kwenye msawazo. Ukiongeza asidi ya salfuriki kidogo na kuuchemsha, unafika kwa saa chache. Mahali unapofika ni pale pale: theluthi mbili. Joto nalo huongeza kasi, lakini mmenyuko huu hautoi wala haumezi joto la kutosha kuisogeza ile 4 kwa kiasi cha maana. Ndiyo maana mwinuko wa nchi pia hausaidii. Mjini Morogoro, takriban mita 500 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 98 hivi. Ukipanda milima ya Uluguru hadi mita 2,600 na zaidi, hushuka hadi karibu 91. Mchanganyiko utachemka mapema na kwenda polepole kidogo, lakini asilimia itabaki ile ile.

Kinachosogeza asilimia ni uwiano wa viambato. Tukishikilia fungu moja la asidi na kuongeza ethanoli, hesabu inatoa mfululizo huu: fungu moja la ethanoli, mavuno asilimia 66.7, mafungu mawili, 84.5; matatu, 90.3, matano, 94.5, kumi, 97.4. Fungu la pili linaongeza karibu pointi 18. Mafungu matano ya mwisho, yaani kilo 230 za spiriti, yanaongeza pointi tatu pekee.

Sasa tuweke shilingi. Nimechukua bei za kufanyia hesabu: asidi shilingi 4,000 kwa kilo kwa kuwa inaagizwa nje, na ethanoli shilingi 3,000. Si bei za ankara, na nitazihoji mbele. Kwa fungu moja la asidi kwa moja la ethanoli, yaani moja kwa moja, viambato ni shilingi 378,000 na esta ni kilo 58.7, sawa na shilingi 6,443 kwa kilo. Kwa mafungu mawili ya ethanoli ni shilingi 6,937. Kwa matatu, 8,232. Kwa kumi, 18,906. Mavuno yamepanda kutoka 66.7 hadi 97.4, na gharama ya kilo imekaribia kuwa mara tatu. Anayejisifia mavuno ya asilimia 97 bila kusema alitumia ethanoli kiasi gani hajasema kitu.

Mtetezi wa mavuno makubwa atajibu kwamba ethanoli iliyobaki haimwagwi, inarudishwa. Ni kweli, basi tuirudishe. Tuseme mtambo unaokoa asilimia 90 ya ethanoli isiyoungana, na asidi iliyobaki inapotea. Gharama ya kilo inakuwa shilingi 5,738 kwa moja kwa moja, 5,009 kwa mafungu mawili, 4,953 kwa matatu, 5,127 kwa matano, na 5,823 kwa kumi. Picha imegeuka kabisa. Sasa bora ni mafungu matatu, na yale kumi yanafanana na fungu moja.

Lakini hesabu hiyo inachukulia kwamba kurudisha ni bure. Kukeneka kunahitaji kuni, gesi au umeme. Tuongeze shilingi 300 kwa kila kilo ya ethanoli inayookolewa. Mafungu matatu yanapanda hadi shilingi 5,281 na mawili hadi 5,202. Moja kwa moja ni 5,808, matano 5,733, kumi 7,131. Shilingi 300 za nishati zimehamisha nafasi ya kwanza kutoka mavuno ya asilimia 90.3 hadi ya 84.5. Kwa bei hizi, mtambo wenye mavuno madogo zaidi kati ya hiyo miwili ndio wenye esta ya bei nafuu.

Kuna jambo ambalo mfululizo huu unalificha. Msawazo haujali ni kiambato kipi kimezidi. Mafungu mawili ya asidi kwa moja la ethanoli pia yanatoa asilimia 84.5, safari hii ikihesabiwa kwa ethanoli. Mtu angesema haraka kwamba asidi ni ghali na inatoka nje, kwa hiyo izidishwe ethanoli. Tazama viwango vya kuchemka kwanza. Ethili asetati huchemka kwenye nyuzi 77, ethanoli kwenye 78, asidi ya asetiki kwenye 118. Ethanoli iliyozidi hupanda pamoja na esta na kuzitenganisha ni kazi ngumu. Asidi iliyozidi hubaki chunguni ikisubiri mzunguko unaofuata. Nikichukulia kwamba asilimia 97 ya asidi hiyo inatumika tena, gharama inashuka hadi shilingi 4,694 kwa kilo, chini ya namba zote zilizotangulia, ingawa kiambato kilichozidishwa ndicho cha bei ya juu. Hiyo 97 ni dhana yangu, na ndiyo dhana ninayoiamini kidogo kuliko zote, kwa sababu maji nayo hubaki chunguni. Esta na maji huondoka pamoja kwa uwiano wa takriban kilo 92 kwa 8. Kilo 74.4 za esta zitabeba maji kilo 6.5 hivi, wakati mmenyuko umezalisha 15.2. Kilo zaidi ya nane zinabaki na kuuvuruga mzunguko unaofuata.

Maji ndiyo adui mkuu, na huingia hata kabla ya kazi kuanza. Spiriti safi ya kiwandani ya asilimia 96 kwa ujazo ni karibu asilimia 94 kwa uzito, kwa hiyo kila fungu la ethanoli linaingia na kilo tatu za maji. Kwa moja kwa moja, mavuno yanashuka kutoka 66.7 hadi 64.0. Kwa mafungu mawili, kutoka 84.5 hadi 80.6. Kwa kumi, kutoka 97.4 hadi 93.2. Kadiri unavyozidisha spiriti ndivyo unavyozidisha maji yake. Kwa mafungu mawili hasara ni kilo tatu na nusu za esta katika kila mzunguko, karibu shilingi 18,000.

Hapo ndipo wazo la kutengeneza asidi wenyewe kwa kuchachusha linapokwama. Spiriti ikiachwa kwa bakteria hugeuka siki, na siki ya kawaida ina asidi asilimia 5 hivi. Fungu moja la asidi katika siki hiyo linakuja na kilo 1,140 za maji. Ukiweka fungu moja la ethanoli, mavuno ni asilimia 5.6. Hata kichocheo cha bei gani hakitaibadilisha namba hiyo. Siki ingelazimika kukaushwa kwanza, na hiyo ni gharama nyingine ya nishati.

Upande wa pili, kuyaondoa maji wakati mmenyuko unaendelea kunafanya kazi bila kuzidisha kitu chochote. Kwa fungu moja kwa moja, mavuno ya asilimia 80 yanataka robo tatu ya maji yaliyozalishwa iondolewe. Asilimia 90 inataka maji asilimia 95 yaondoke. Asilimia 95 inataka karibu 99. Asilimia 99 inataka 99.96. Ngazi za mwanzo ni rahisi, za mwisho ni mateso. Kwa kiyeyushi cha gundi hakuna sababu ya kuzipanda.

Kwa poliesta sababu ipo. Morogoro iliwahi kuwa na kiwanda cha nguo kilichojulikana kama Polytex, na nyuzi za poliesta ni mnyororo wa esta zilizoungana kichwa kwa mkia. Mmenyuko ukikamilika kwa asilimia 98, mnyororo wa wastani una viungo 50. Kwa asilimia 99 una 100. Kwa 99.5 una 200. Nusu ya asilimia ya mwisho inaurefusha mnyororo maradufu, na uzi usio na urefu wa kutosha hukatika. Asilimia moja haina thamani moja kila mahali.

Kuna mavuno mengine yanayopotea baada ya kemia kumaliza kazi, na kwenye maabara ya kidato cha sita ndiyo yanayoonekana zaidi. Esta inaelea juu ndani ya chupa ya kutenganishia, angavu kama maji, harufu yake kali na tamu. Chini yake huwekwa myeyusho wa magadi ili kuua asidi iliyobaki. Povu hupanda, na kizibo kisipofunguliwa mara kwa mara gesi hukirusha. Mwanafunzi hutikisa, humwaga tabaka la chini, kisha husuuza kwa maji. Gramu mia za maji huyeyusha takriban gramu 8 za ethili asetati. Kama msawazo ulimpa gramu 58.7 naye akasuuza kwa mililita 100, anabaki na gramu 50.7, na mavuno anayoandika ni 57.6 badala ya 66.7. Msawazo haukumnyima chochote hapo. Maji ya chumvi yangempunguzia hasara hiyo, kwa kuwa esta huyeyuka ndani yake kwa kiasi kidogo kuliko kwenye maji matupu.

Kiwandani magadi hayo yana bei. Kwa moja kwa moja, kilo 20 za asidi isiyoungana zinahitaji kilo 17.7 za magadi soda. Kwa mafungu mawili ya ethanoli, asidi iliyobaki ni kilo 9.3 na magadi ni kilo 8.2. Asidi ya salfuriki nayo ina madai yake: kila kilo moja yake inataka kilo 1.08 za magadi. Kumwaga kichocheo kingi kwa matumaini ya mavuno ni kununua mara mbili, na kikizidi sana huanza kuichoma ethanoli.

Milima ya Uluguru inaingia kwenye hesabu kupitia bomba la kupozea. Mvuke wa kilo 74.4 za esta ukirudi kuwa kimiminika huachia kilojuli 27,200 hivi. Tuseme maji ya kupozea yasitoke yakiwa na joto kubwa kuliko nyuzi 38. Yakiingia na nyuzi 28, kila lita inabeba joto la nyuzi 10, na zinahitajika lita 650. Yakitoka kijito cha mlimani yakiwa na nyuzi 18, zinatosha 325. Mnara wa kukenekea unaorudisha chini sehemu tatu za kimiminika kwa kila moja inayotoka unazidisha namba hizo kwa nne: lita 2,600 dhidi ya 1,300. Kwa tani moja ya esta kwa siku ni lita 35,000 dhidi ya 17,500, isipokuwa mtambo una mfumo wa kuzungusha maji hayo hayo. Vijito hivyo ndivyo vinavyolisha mto Ngerengere na bwawa la Mindu, na mto Ruvu ambao maji yake hunywewa Dar es Salaam. Anayepanga mtambo aiweke namba hii mezani mapema, kabla ya kuzungumza chochote kuhusu kichocheo.

Tani moja kwa siku, siku 300, ni tani 300 kwa mwaka. Kuhama kutoka fungu moja hadi mawili ya ethanoli kunaokoa shilingi 606 kwa kilo, yaani shilingi milioni 182 kwa mwaka. Ni fedha nyingi. Lakini bei ya asidi ikipanda kwa asilimia 10, kila kilo ya esta inapanda kwa shilingi 323. Ikipanda kwa asilimia 19, faida yote ya mavuno imefutika. Katika gharama ya nadharia ya shilingi 4,295 kwa kilo, pale mavuno yangekuwa asilimia 100, asidi peke yake ni shilingi 2,727, karibu asilimia 64.

Pia kuna ukubwa wa mtambo wenyewe. Morogoro ina fundisho lake hapa. Kiwanda cha Viatu cha Morogoro, kilichofadhiliwa na Benki ya Dunia, kilikusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi zikiwa za soko la Ulaya. Uzalishaji wake ulibaki kwenye asilimia 4 au 5 hivi ya uwezo, kisha ukakoma mwaka 1990. Asilimia 4 ya milioni 4 ni jozi 160,000. Tuchukulie mtambo wa esta una deni na matengenezo ya shilingi milioni 300 kwa mwaka. Ukizalisha tani 300, kila kilo inabeba shilingi 1,000. Ukizalisha nusu, inabeba 2,000. Ukizalisha asilimia 4, inabeba 25,000. Kushuka hadi nusu ya uwezo kunagharimu zaidi kuliko yote yanayookolewa kwa kupandisha mavuno kutoka 66.7 hadi 84.5.

Njia nyingine ipo, nayo haitumii asidi kabisa. Mwaka 2001, kampuni ya Sasol ilianzisha huko Secunda, Afrika Kusini, mtambo wa tani 50,000 kwa mwaka wa kugeuza ethanoli kuwa ethili asetati moja kwa moja huku haidrojeni ikitoka. Kilo moja ya esta inataka kilo 1.045 za ethanoli. Kwa bei yangu ni shilingi 3,136, pungufu kwa 1,159 kuliko njia ya asidi, zote zikihesabiwa kwa nadharia. Pingamizi ni ukubwa. Lita milioni 12 za spiriti, zikihesabiwa kama ethanoli tupu, ni tani 9,470 hivi, na hata zote zikitumika zingetoa tani 9,060 za esta, asilimia 18 ya mtambo wa Secunda. Haidrojeni inayotoka inahitaji usimamizi makini ambao chungu cha kukenekea hakiuhitaji. Sioni sababu ya kuamini kwamba gharama ya mtambo kama huo ingepungua kwa uwiano ule ule.

Basi hukumu yangu, kwa dhana nilizozitaja: njia ya asidi, mafungu mawili ya ethanoli, inatoa kilo kwa shilingi 5,202, na ukiongeza 1,000 za deni na matengenezo ni 6,202, kabla ya mishahara, maji na magadi. Esta ya nje ikifika Morogoro kwa bei iliyo chini ya hapo, mtambo huo unapata hasara. Namba tatu zinazoamua ni bei ya asidi bandarini Dar es Salaam, bei ya spiriti kwenye geti la kiwanda, na bei ya esta iliyoagizwa. Mwenye ankara halisi aziweke mahali pa zangu na arudie hesabu kabla ya kuagiza hata bomba moja.